Ukiumia Kazini: Taarifa ya Mapema Ndiyo Huokoa Fidia

Chukulia kibarua mmoja wa Kisian. Ameitwa kwenye mjengo wa ghorofa kando ya barabara ya Busia. Amepanda jukwaa la mbao akiwa na karai la zege begani, ubao umevunjika, ameanguka na kuumia mkono. Nyapara anamwonea huruma. Anampa shilingi 2,000 na kumwambia, “Omera, shika hii ya dawa. Ukipona urudi, kazi iko.” Kibarua anashukuru, anabebwa kwa bodaboda hadi hospitalini, kisha anarudi nyumbani kuuguza mkono. Miezi minne baadaye vidole viwili havikunjiki tena. Mjengo umekamilika, na nyapara hashiki simu.

Huu ni mfano tu, lakini wakazi wengi wa Kaunti ya Kisumu watautambua. Katika mfano huu hakuna aliyeandika popote kwamba ajali ilitokea. Mwajiri hakutoa taarifa, daktari hakuambiwa kwamba mgonjwa aliumia kazini, na afisi ya serikali inayosimamia fidia haijui lolote. Haki ya kibarua huyo bado ipo, ila siku zinahesabika. Zikifika miezi 12 bila taarifa, haki yenyewe inaweza kuzimika.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, ni afisi gani inayohusika, kazi yake ya mwaka mzima ni ipi, na hatua anazopaswa kufuata mfanyakazi au jamaa zake ajali inapotokea.

Sheria na afisi inayohusika

Fidia ya wanaoumia kazini nchini Kenya inaongozwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA kwa kifupi. Ilichukua nafasi ya sheria ya zamani ya fidia kwa wafanyakazi, Sura ya 236. Sheria nyingine iliyopitishwa mwaka huo huo wa 2007, ile ya Usalama na Afya Kazini, inahusu kuzuia ajali zisitokee. Sheria hizi mbili hufanya kazi pamoja: moja inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pawe salama, nyingine inasema nini kifanyike mtu akiumia hata hivyo.

Zote mbili zinasimamiwa na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, inayojulikana kama DOSHS, iliyo chini ya wizara inayoshughulikia leba. Hiki ni kitengo cha Serikali ya Kitaifa, si cha serikali ya kaunti, lakini kina maafisa wake hapa Kisumu. Kwa hivyo mkazi wa Kisian hahitaji kusafiri hadi Nairobi ili kuwasilisha dai lake. Afisi ya Kisumu hupokea taarifa za ajali, hukagua maeneo ya kazi na hufuatilia malipo.

Serikali nayo, inapokuwa mwajiri, inafungwa na sheria hii sawa na mwajiri wa kibinafsi. Wasiohusika ni wanajeshi.

Nani anahesabika kuwa mfanyakazi

Sheria inamlinda mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, pamoja na mwanagenzi anayejifunza kazi. Mkataba si lazima uwe wa maandishi. Katika sheria za ajira za Kenya, makubaliano ya mdomo pia ni mkataba. Kwa hivyo kibarua anayelipwa kila jioni, mfanyakazi wa nyumbani, anayekata miwa kwa ujira, anayepakia samaki kiwandani na mlinzi wa usiku, wote wanaweza kudai fidia mradi yuko mtu au kampuni iliyowaajiri.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba ajali ilitokana na kazi na ilitokea akiwa kazini. Hata aliyekiuka maagizo hajapoteza haki moja kwa moja, ikiwa alichokuwa akifanya kilikuwa kwa faida ya shughuli za mwajiri. Fidia hunyimwa pale ajali inaposababishwa na utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata hapo, ikiwa imeleta ulemavu mkubwa au kifo, dai bado linasikilizwa. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi, “Hukuwa umevaa kofia ya chuma, kwa hivyo hakuna fidia,” hasemi sheria yote.

Safari nazo zinaguswa. Mwajiri akitoa gari la kubeba wafanyakazi kwenda au kutoka kazini, tuseme lori linalowachukua Kisian na kuwapeleka Ahero, ajali ya njiani ndani ya gari hilo huhesabiwa kuwa ya kazini.

Kazi ya mwaka mzima

Watu wengi huijua Kurugenzi siku mtu anapoumia. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla ya hapo, na hurudiwa kila mwaka.

Kwanza ni usajili. Kila mahali pa kazi, awe ni mwenye kiwanda, gereji, duka la jumla au mjengo, panapaswa kusajiliwa na Kurugenzi, na cheti hicho huhuishwa kila mwaka. Usajili ndio humwezesha afisa kujua mahali hapo papo, pana watu wangapi na wanatumia mashine gani.

Pili ni ukaguzi wa usalama na afya. Sheria inamtaka anayemiliki mahali pa kazi kuhakikisha pamekaguliwa kikamilifu angalau mara moja katika kila miezi 12, na mshauri wa usalama aliyeidhinishwa. Mshauri huandika ripoti ikionyesha hatari zilizopo: waya ulio wazi, mashine isiyo na kinga, ngazi iliyooza, vumbi la mawe linaloingia mapafuni. Mwajiri hupaswa kurekebisha yaliyoonekana.

Tatu ni uchunguzi wa mitambo hatari. Boila za mvuke, kama zile za viwanda vya sukari, lazima zichunguzwe na mtu aliyeidhinishwa kabla ya miezi 12 kupita. Boila ikipasuka haiumizi mtu mmoja, ndiyo maana sheria haikuacha jambo hili kwa hiari ya mwenye kiwanda.

Nne ni kamati za usalama. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa wafanyakazi na wa mwajiri. Mfanyakazi anayeona hatari anapaswa kuiripoti, na mwajiri haruhusiwi kumwadhibu au kumfuta kwa sababu hiyo.

Tano ni ziara za maafisa wenyewe. Wana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kuuliza maswali, kuangalia rekodi na kusimamisha kazi inayohatarisha maisha. Tarehe 28 Aprili kila mwaka huwa Siku ya Kimataifa ya Usalama na Afya Kazini, nayo hutumiwa kuwakumbusha waajiri na wafanyakazi wajibu huu.

Mwisho ni madai ya fidia, ambayo hayana msimu. Huingia wiki baada ya wiki, kila moja likiwa na fomu yake, ripoti ya daktari na hesabu yake. Dai lililochelewa au lisilo na karatasi ndilo humchosha afisa na kumwumiza mlalamishi.

Hatua baada ya ajali

Siku ileile: Aliyeumia, au mtu mwingine kwa niaba yake, amjulishe mwajiri. Taarifa inaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, ila ya maandishi ni bora kwa sababu hubaki. Hata ujumbe mfupi wa simu wenye tarehe ni ushahidi. Mwajiri anawajibika kutoa huduma ya kwanza na kupanga usafiri wa kumfikisha majeruhi hospitalini.

Hospitalini: Iwe ni zahanati ya karibu au Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia, mgonjwa aseme wazi kwamba ameumia kazini, ataje siku na namna alivyoumia, na ahakikishe yameandikwa. Karatasi zote zitunzwe: kadi, picha za eksirei, risiti na barua za kuruhusiwa kwenda nyumbani. Gharama halali za matibabu, dawa, uuguzi na hata vifaa kama magongo au mguu wa bandia ni za mwajiri.

Ndani ya siku saba: Mwajiri lazima amjulishe Mkurugenzi kuhusu ajali ndani ya siku saba tangu alipopata taarifa. Ikiwa mtu amefariki, afisa wa usalama kazini wa eneo hilo lazima ajulishwe ndani ya saa 24, kisha taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku saba.

Fomu: Taarifa hiyo hutolewa kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Mwajiri hujaza sehemu yake akieleza mfanyakazi ni nani, analipwa kiasi gani na ajali ilitokeaje. Daktari naye hujaza sehemu yake akieleza jeraha, muda wa mapumziko na, mgonjwa anapofikia kikomo cha kupona, kiwango cha ulemavu kwa asilimia.

Ndani ya miezi 12: Dai la fidia lazima liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo. Mwajiri akikataa kujaza fomu, mfanyakazi asikae akimsubiri. Aende mwenyewe kwenye afisi ya Kurugenzi mjini Kisumu akiwa na kitambulisho, karatasi za hospitali na chochote kinachoonyesha alifanya kazi pale. Sheria inatoa nafasi pale inapothibitishwa kwamba mwajiri alijua habari za ajali kwa njia nyingine, lakini kutegemea nafasi hiyo ni kujiongezea mzigo wa kuthibitisha.

Malipo: Mkurugenzi akishafanya hesabu na kuwasilisha dai kwa mwajiri au kampuni ya bima, wana siku 90 za kulipa. Pesa hupitia kwa Mkurugenzi, naye ana siku 30 tangu kuzipokea kumlipa mfanyakazi au wategemezi wake.

Hesabu hufanywaje

Kuna aina tatu za malipo ambazo mkazi anafaa kuzielewa.

Ya kwanza ni kwa mtu aliyelazimika kukaa bila kazi kwa muda. Akilemazwa kwa siku tatu au zaidi, analipwa kiasi kinacholingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12, kulingana na mapumziko aliyopewa na daktari.

Ya pili ni kwa ulemavu wa kudumu. Hapa msingi wa hesabu ni mapato ya miezi 96, yaani miaka minane. Sheria ina jedwali linaloonyesha asilimia ya ulemavu kwa kila aina ya jeraha. Kupoteza mikono yote miwili au uwezo wote wa kuona, kwa mfano, ni asilimia 100. Majeraha madogo yana asilimia ndogo.

Turudi kwa kibarua wa Kisian. Tuseme mapato yake kwa mwezi yalikuwa shilingi 18,000. Mapato ya miezi 96 ni shilingi 1,728,000. Daktari akisema ulemavu wake ni asilimia 10, fidia ni shilingi 172,800. Ikiwa ni asilimia 20, ni shilingi 345,600. Zile shilingi 2,000 za nyapara zilikuwa msaada wa siku moja. Hazikuwa fidia, na kuzipokea hakukumwondolea haki yake.

Ya tatu ni kwa kifo. Wategemezi, kama mjane na watoto, hulipwa fidia ambayo pia huhesabiwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, na mwajiri hugharamia mazishi kwa kiwango kilichowekwa. Familia inayozozania urithi isiache dai lilale wakati mazungumzo yanaendelea, kwa sababu miezi 12 haisubiri kikao cha ukoo.

Mwajiri asiye na bima

Kila mwajiri anatakiwa kuwakatia wafanyakazi wake bima ya majeraha ya kazini. Asiyefanya hivyo anatenda kosa linaloweza kumletea faini, kifungo au vyote viwili. Lakini kukosa bima hakumfutii mwajiri deni. Yeye ndiye anayewajibika kwa fidia, na bima ni njia tu ya kumsaidia kulipa. Kwa mwanakandarasi mdogo, ajali moja inaweza kumeza faida ya miaka kadhaa, ilhali malipo ya bima ya mwaka ni gharama anayoweza kuipanga mapema.

Nchi jirani ya Tanzania imechukua njia nyingine. Huko, chini ya sheria ya mwaka 2008, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri huuchangia na ambao hulipa mafao wenyewe. Kenya haina mfuko wa namna hiyo kwa wafanyakazi wote. Kwa sababu hapa mzigo uko kwa mwajiri mmoja mmoja na bima yake, kumbukumbu za mfanyakazi zina uzito zaidi. Mwajiri anayeweza kukana kwamba anamjua mtu huyo anaweza kujaribu kufanya hivyo.

Ndiyo maana kibarua anashauriwa kuweka ushahidi wa kazi kabla ya kuumia: jina kamili la mwajiri au kampuni, ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo, orodha ya kila siku anayotia sahihi, na namba za simu za wenzake wawili watatu. Akiba haiozi, na ushahidi ni akiba.

Vilevile, makubaliano yoyote yanayomfanya mfanyakazi aachilie haki zake chini ya sheria hii hayana nguvu. Karatasi inayosema “nimepokea na sitadai tena” isimtishe mtu asiende kwenye afisi ya Kurugenzi.

Asiyeridhika na uamuzi

Mfanyakazi au mwajiri asiyekubaliana na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Mkurugenzi hupaswa kujibu ndani ya siku 14. Asiyeridhika na jibu hilo ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo huketi pia Kisumu.

Wako wanaouliza kwa nini wasiende mahakamani moja kwa moja. Swali hilo lilichukua miaka mingi kujibiwa. Baada ya sheria kuanza kutumika, Chama cha Wanasheria kilipinga baadhi ya vifungu vyake, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikakubaliana nacho. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo kwa sehemu kubwa, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono msimamo wa Mahakama ya Rufaa. Kwa hivyo sasa mlango wa kwanza ni kwa Mkurugenzi, na mahakama ni ya rufaa. Anayeanza mahakamani anaweza kupoteza muda wake wote wa miezi 12 kabla ya kuelekezwa upya.

Wasio na mwajiri

Sheria hii haimfikii kila anayefanya kazi. Mvuvi mwenye mtumbwi wake, mwendeshaji wa bodaboda anayemiliki pikipiki yake, mama anayeuza omena na fundi wa jua kali anayejitegemea hawana mwajiri wa kuwalipa. Hao wanashauriwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa ajili ya matibabu, na kufikiria bima ya ajali binafsi, hata kupitia chama au sako yao. Lakini fundi huyo huyo akiajiri vijana wawili wa kumsaidia kuchomea vyuma, basi yeye amekuwa mwajiri, na wajibu wote ulioelezwa hapa unamhusu.

Mambo ya kukumbuka

• Mjulishe mwajiri siku ileile, kwa maandishi ikiwezekana.
• Mwambie daktari kwamba umeumia kazini, na utunze kila karatasi.
• Mwajiri ana siku saba za kutoa taarifa kwa Kurugenzi. Kwa ajali ya kifo, ni saa 24.
• Dai liwasilishwe kabla ya miezi 12.
• Mwajiri au bima ana siku 90 za kulipa baada ya dai kuwasilishwa kwake.
• Mwajiri akikataa kushirikiana, nenda mwenyewe kwenye afisi ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, Kisumu.

Kibarua wa mfano wetu, katika mwezi wake wa nne, bado ana miezi minane. Akiamka kesho na karatasi za hospitali mkononi, apande matatu hadi mjini na kusimulia kilichotokea, dai lake litasikilizwa.